Waya wa Pender na Barua Pepe za Vyuo Vyetu

Mwezi Februari 2021 kampuni ya Google ilivitangazia vyuo na shule duniani kote kwamba hifadhi isiyo na kikomo, iliyokuwa ikitolewa bure kwa taasisi za elimu, ingefikia mwisho. Kila taasisi ingepewa terabaiti 100 za kugawana watu wake wote, na kwa wateja waliokuwapo utaratibu huo ungeanza Julai 2022. Kwa shule ya sekondari, terabaiti 100 ni bahari. Kwa chuo kikuu chenye wanafunzi 20,000 ni gigabaiti tano kwa kila mwanafunzi, kabla mhadhiri hata mmoja hajahifadhi video ya somo lake.

Sisemi kwamba mtu alidhulumiwa. Anayetoa bure ana haki ya kupunguza. Kinachonishughulisha ni mjadala uliofuata, ambao nausikia hadi leo katika vikao vya wahadhiri, kwa wanafunzi na kwa watumishi wa umma wanaokuja kusoma jioni: tuhame au tubaki? Wanaosema tuhame huzungumza lugha ya uhuru. Wanaosema tubaki huzungumza lugha ya bajeti. Pande zote mbili hulitazama jambo hili kana kwamba limezaliwa juzi, ilhali pwani yetu imekwisha kulipitia mara moja, wakati ambapo hakuna aliyekuwa amewaza kompyuta. Ninataka kulipima hapa kwa mizani ya historia hiyo na ya ile ya karibu zaidi.

Kwanza, tuliingiaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijatufikia, mradi ulioitwa ESANET uliviunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa barua pepe. Teknolojia yake ilikuwa ile ya FidoNet. Kompyuta ya chuo ilikusanya barua zilizoandikwa, kisha kwa saa iliyopangwa ikapiga simu ya kawaida kupitia modemu, ikakabidhi mzigo wake na kupokea mwingine, mithili ya mfuko wa posta unaoshushwa na kupakiwa stesheni. Barua ilichelewa, lakini kila chuo kilijua kompyuta yake imekaa chumba gani na nani wa kuamshwa ikigoma. Udhaifu wake ulikuwa hapo hapo. Mfumo wa namna hii huishi kwa bidii ya watu wawili au watatu na kwa fedha za mfadhili. Mmoja akipata kazi yenye mshahara bora kwingineko, barua husimama.

Tarehe 1 Aprili 2004 Gmail ikazinduliwa, ikiahidi gigabaiti moja kwa kila mtumiaji wakati Hotmail ilitoa megabaiti 2 na Yahoo megabaiti 4. Kwa kuwa ilikuwa siku ya wajinga, wapo waliodhani ni mzaha. Oktoba 2006 kampuni ikaanza kuvipa vyuo huduma hiyo kwa jina la chuo chenyewe, Arizona State University ya Marekani ikiwa ya mwanzo miongoni mwa vyuo vikubwa, na Machi 2007 ikatangaza ushirikiano na Rwanda pamoja na Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwemo. Hapakuwa na chuo kilichotekwa. Tukumbuke hali ya mwaka ule: kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu Julai 2009 tu, na kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa bei kubwa na kasi ndogo. Seva iliyokaa chuoni ilizimika umeme ulipokatika, na mtu aliyekuwa Ulaya akituandikia alirudishiwa barua yake. Barua zilizokaa kwa Google zilitungoja salama hata kama chuo kizima kiko gizani. Aliyeidhinisha uhamisho ule mwaka 2007 alifanya uamuzi sahihi, na ningekuwa kwenye kiti chake ningetia saini.

Lakini kila uamuzi sahihi una bei yake, na bei ya huu haikuandikwa kwenye kasma yoyote. Nafasi ya mtaalamu wa barua pepe ilipoteza maana, kisha ikatoweka katika ikama. Baada ya miaka kumi na tano, chuo kilichowahi kuendesha seva yake hakina tena mtu anayejua namna ya kuiendesha. Ndiyo maana tangazo la 2021 lilipokuja, wengi hawakuwa na la kujadiliana. Kazi ikawa kuwaandikia watu wafute mafaili yao.

Sasa turudi pwani. Mwaka 1879 kampuni ya telegrafu iliyokuwa chini ya Mwingereza John Pender ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka hapo ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Neno letu "simu", lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya, lilitumika kwa mawasiliano ya aina hii kabla ya kupewa sauti ya mtu. Habari iliyokuwa ikichukua wiki nyingi melini kati ya Zanzibar na London sasa ilifika kwa saa. Sultani Barghash, mabalozi na wafanyabiashara wote waliingia katika maisha ya waya huo, na hakuna aliyelazimishwa. Ilikuwa huduma bora kuliko zote, na ilikuwa peke yake.

Wajerumani walipoitwaa bara kuanzia 1885, walijikuta wanatawala koloni ambalo habari zake zilipita mikononi mwa kampuni ya mshindani wao. Mwaka 1890 Bagamoyo na Dar es Salaam ziliunganishwa na Zanzibar kwa waya, yaani mkia wa Mjerumani ukafungwa kwenye mwili wa Mwingereza. Mambo yalikwenda vizuri kwa miaka tisa. Kisha Oktoba 1899 vikazuka vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, na serikali ya Uingereza ikaweka wakaguzi Aden. Ujumbe wa kwenda na kutoka Afrika Kusini na Mashariki ulisomwa, na matumizi ya maandishi ya siri yakapigwa marufuku. Wajerumani wa Dar es Salaam hawakuwa na vita na mtu, lakini habari zao za biashara na za serikali zilipita kwenye chujio lile lile. Berlin ilikasirika, na hasira hiyo ilisaidia kusukuma mpango wa waya za Kijerumani. Mwaka 1900 waya wao wenyewe kutoka Emden kupitia visiwa vya Azores ulifika New York.

Hapa ndipo wanaharakati wa kuhama wangependa nisimame. Siwezi, kwa sababu historia haikusimama. Uingereza iliingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914 usiku, na alfajiri ya tarehe 5 meli ya Kiingereza ilikuwa tayari inazivua na kuzikata waya za Kijerumani katika mlango wa bahari wa Uingereza. Miaka kumi na minne ya fedha na jasho ilikwisha asubuhi moja. Ikabaki simu ya upepo. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea ilikishambulia kwa mizinga kituo cha simu ya upepo cha Dar es Salaam, na kabla mwezi haujaisha Wajerumani wenyewe walikibomoa kituo chao kikubwa cha Kamina, Togo, ili adui asikipate. Mwaka 1917 waziri wao Zimmermann alipotaka kupeleka ujumbe wa siri Mexico, alilazimika kuupitisha kwenye njia ya wanadiplomasia wa Marekani iliyopita Uingereza. Waingereza wakausoma.

Katika kisa hiki naona mambo mawili ambayo mjadala wetu huyaruka. La kwanza ni kwamba aliyekagua habari hakuwa kampuni ya Pender. Kampuni ilitaka wateja, na Mjerumani alikuwa mteja mzuri. Aliyekagua alikuwa serikali ambayo kampuni iliishi chini yake. Mei 2019 jambo hilo hilo lilimkuta Huawei. Google haikuwa na ugomvi naye. Serikali ya Marekani ndiyo iliyomweka kwenye orodha ya vikwazo, na simu zake mpya zikatoka bila Gmail, bila ramani na bila duka la programu za Google. Kwa hiyo hoja kwamba "Google ni watu waaminifu" inaweza kuwa kweli tupu na bado isijibu swali. Ulaya waliliona hilo baada ya Edward Snowden kufichua nyaraka za ujasusi wa Marekani Juni 2013. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha mara mbili, mwaka 2015 na 2020, mipango iliyoruhusu taarifa za raia kupelekwa Marekani, na sababu yake ilikuwa sheria za nchi zinakofikia taarifa hizo, si tabia ya kampuni.

La pili ni gumu zaidi kwa upande wangu, kwa kuwa moyo wangu uko na wanaotaka kujitegemea. Wajerumani walimiliki waya lakini hawakumiliki bahari. Chuo kikirudisha barua pepe kwenye seva yake, bado wengi kati ya watakaoandikiwa wako Gmail, na Gmail ndiyo inayoamua barua ipi ni halali na ipi ni taka. Tangu Februari 2024 inawadai wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wake watimize masharti maalumu ya uthibitisho. Masharti hayo yana mantiki, wala si mabaya. Lakini chuo kinachotuma matokeo ya mitihani kwa wanafunzi wote siku moja kitayatimiza au barua zake zitakataliwa, awe nayo seva au asiwe nayo. Utegemezi haukuondoka. Umehama ghorofa.

Je, basi tukate tamaa? Hapana, ila tuangalie mahali ambapo watu wetu walijaribu kweli, na kwa nini mmoja alishindwa na mwingine akafaulu.

Desemba 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo it46 katika mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice. Ilikuwa programu kamili ya kuandikia, kupigia hesabu na kuandalia mawasilisho, yenye menyu za Kiswahili, ya bure na huria. Wapinzani wake walikuwa Microsoft, si Google, lakini kisa ni kile kile. Kwa hoja zote za uhuru, Jambo ilipaswa kushinda: lugha yetu, wataalamu wetu, hakuna leseni ya kulipia, hakuna wa kuikata. Leo nikiwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hakuna aliyeisikia.

Haikufa kwa ubaya wake. Programu hubadilika kila toleo, na kila toleo lina maneno mapya yanayohitaji mtu wa kuyatafsiri na kuyajaribu. Mradi ulipata fedha za kuzaliwa, si mshahara wa kulelewa. Vyuo vya uhazili viliendelea kufundisha Word kwa sababu matangazo ya kazi yalidai Word, nayo matangazo yalidai Word kwa sababu ndiyo iliyofundishwa. Kisha kulikuwa na steshenari. Mwanafunzi aliyeandika tasnifu yake kwa programu huria alipoipeleka kuchapishwa, kompyuta ya pale ilimfungulia kurasa zilizohama na majedwali yaliyovunjika, na foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Sera nyingi zimefia kwenye foleni ya steshenari, lakini sijawahi kuona steshenari ikitajwa katika mpango mkakati wowote.

Mfano wa pili ni ramani. Kwa miaka mingi ramani za mtandaoni za kampuni kubwa zilionyesha barabara kuu za miji yetu vizuri, lakini zilipofika makazi yasiyopimwa zikawa nyeupe. Kibera, Nairobi, ilikuwa tupu kwenye ramani hadi vijana wa hapo walipoanza kuichora wenyewe mwaka 2009. Jijini Dar es Salaam, ambako mafuriko hurudi karibu kila masika, mradi wa Ramani Huria ulianza 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakaandika mifereji, vichochoro, nyumba na mipaka ya mitaa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuisahihisha. Mwenyekiti wa mtaa alijua maji hupita wapi. Sasa na ramani ikajua.

Tofauti ya visa hivi viwili ndiyo kiini cha hoja yangu. Jambo OpenOffice iliwaomba watu waache kitu kilichofanya kazi ili wachukue kingine kilichofanya kazi ile ile, na gharama ya usumbufu wakaibeba wao. Ramani Huria haikumwomba mtu aache chochote. Dereva wa bodaboda aliendelea na ramani ya Google kwenye simu yake, lakini mhandisi wa mifereji alipata kitu ambacho Google haikuwa nacho. Na faida nyingine ikaja baadaye. Julai 2018 Google ilipobadili bei za kuweka ramani zake kwenye tovuti, kiwango cha bure kilishuka kutoka maonyesho 25,000 kwa siku hadi takriban 28,000 kwa mwezi. Taasisi zilizokuwa na ramani huria ya mji wao zilikuwa na pa kukimbilia.

Ulaya inatupa mafunzo mawili ya haraka. Julai 2022 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Denmark iliuzuia mji wa Helsingør kutumia kompyuta na huduma za Google mashuleni. Muhula ukafunguliwa, watoto wakakosa vifaa vya kusomea, na Septemba zuio likasimamishwa kwa muda. Kisheria mamlaka ilikuwa na hoja nzito, lakini zuio halifundishi darasa. Kwa upande mwingine, jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani lilitangaza Oktoba 2025 kwamba limekamilisha kuhamisha zaidi ya masanduku 40,000 ya barua pepe kutoka mfumo wa Microsoft kwenda kwenye programu huria. Linawezekana, basi. Lakini ni jimbo lenye hazina ya Kijerumani, na halikuanzia sifuri: kwa miaka mingi lilikuwa na chombo cha umma cha TEHAMA inachochangia na majimbo jirani.

Nasi tunavyo vyombo vya namna hiyo, ingawa hatuvitaji sana. Kenya ina KENET na Tanzania ina TERNET, mitandao inayomilikiwa na vyuo kwa pamoja. Serikali ya Tanzania ina mfumo wake wa barua pepe unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, chombo kilichopewa nguvu na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Pamoja na hayo, bado tunaona barua za ofisi zenye anwani ya Gmail chini ya nembo ya taifa. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko terabaiti zote. Barua pepe ya ofisi ni masijala. Hakuna katibu mkuu ambaye angekubali majalada ya wizara yawekwe kabatini nyumbani kwa afisa, ufunguo ukae kwake, na siku akistaafu aondoke nao. Anwani binafsi inafanya hivyo hivyo kila siku, kimya kimya.

Ndiyo maana siwezi kujibu "tuhame" au "tubaki" kwa neno moja. Huduma ya kutafuta mtandaoni na ya video sioni sababu ya kuzihangaikia. Tutazitumia kama tunavyotumia barabara ya mwenzetu. Ramani tuchangie ile iliyo huria huku tukiitumia hii nyingine. Barua za serikali na kumbukumbu za mitihani zirudi nyumbani hata kama huduma itakuwa ya kasi ndogo, kwa kuwa gharama ya kuzikosa siku moja haina fidia. Barua za kawaida za wanafunzi zinaweza kubaki kwa Google miaka mingi bila madhara, kwa sharti kwamba anwani inaishia kwa jina la chuo, lile la .ac.tz au .ac.ke, maana mwenye jina anaweza kubadili mwenye seva bila mwanafunzi kubadili anwani. Tangu 2011 Google yenyewe inamruhusu mtumiaji kupakua mafaili yake yote. Viungo vya hati mlizoshirikiana, maoni ya pembeni na ruhusa za nani asome nini havihami vikiwa hai, kwa hiyo zoezi la kupakua lifanywe mapema, tukiwa na amani, tuone nini kinavunjika.

Zoezi hilo linahitaji watu. Kwa chuo cha ukubwa wa kati nakadiria watu wawili wa kudumu, wenye mishahara inayowazuia kukimbilia benki na kampuni za simu, ambao mwaka wa kwanza huenda wasiwe na kazi ya kuonekana. Mkaguzi atauliza wanafanya nini. Katika rasimu ya bajeti ya mwaka ujao nimeona fungu la leseni, fungu la vifaa na fungu la mafunzo ya siku tatu. Nafasi hizo mbili sijaziona, na ndizo nitakazoziulizia kikaoni.